Beji za sare na kumbukumbu za shule za miaka ya vita na uhaba, Moshi na Arusha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kushona sare za shule hapa Moshi. Wanaoniletea mashati ya watoto huniletea pia vitu vya wazee wao: beji iliyobanduliwa mfukoni, skafu, kaptura ya kaki yenye viraka juu ya viraka, ripoti ya shule iliyokunjwa mara nne. Maswali yao yanafanana, ndiyo maana nimeyaweka mahali pamoja. Kama tayari umeshika beseni na sabuni, weka chini kwanza, usome jibu la pili.

Mkisema "miaka ya vita" mna maana ya vita gani?

Kwa wengi wanaouliza ni Vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa vita tarehe 2 Novemba, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Moshi ina sehemu yake katika habari hiyo: Machi 1979 Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapa mjini wakaunda UNLF, umoja ulioshika serikali baada ya Amin kukimbia.

Ila mzee akikwambia "shati hili nililivaa wakati wa vita", usiandike 1979 papo hapo. Uhaba wa nguo ulianza kabla ya risasi ya kwanza na ukaendelea miaka kadhaa baada ya wanajeshi kurudi, na kwenye kumbukumbu za watu kipindi chote hicho kimekuwa kitu kimoja. Badala ya kuuliza mwaka, uliza alikuwa darasa la ngapi na mwalimu mkuu alikuwa nani. Hayo hawasahau.

Vitu vichache vinatoka Vita Kuu ya Pili, hasa upande wa Tengeru. Hivyo nimevitengea swali lake.

Nimekuta beji chafu kwenye sanduku la bibi. Niifue kabla ya kuiweka kwenye fremu?

Hapana. Usifue, usiloweke, usipige pasi, na tafadhali usipeleke kulaminetiwa.

Nyuzi nyekundu na za kijani za wakati ule huchuja rangi, na wekundu ukishaingia kwenye pamba nyeupe hakuna dawa. Ukitaka kuhakikisha, chovya pamba safi kwenye maji, ikamue sana, kisha gusa uzi mmoja upande wa nyuma wa beji kwa sekunde chache. Pamba ikitoka na rangi, beji hiyo na maji havikutani tena.

Halafu uchafu wenyewe una habari. Weusi wa moshi wa jikoni kwenye pindo, doa la wino, vumbi jekundu lililokwama kati ya nyuzi: vyote hivyo vinasema beji ilivaliwa wapi na iliishi wapi. Vumbi la juu liondoe kwa brashi laini, kavu, ukipiga taratibu kuelekea nje. Kama kuna pini ya chuma iliyoshika kutu, itoe polepole, maana kutu hula kitambaa. Baada ya hapo piga picha mbele na nyuma ukiweka rula pembeni, mchana, mbali na jua kali.

Kwa nini sare zilikuwa ngumu kupatikana? Si tulikuwa na viwanda vya nguo hapa hapa Arusha?

Tulikuwa navyo. Arusha ilikuwa na Kiltex na Sunflag, nchi inalima pamba, na bado mama alikuwa anazunguka mji mzima akitafuta mita mbili za kaki. Lazima uyatazame mambo kadhaa yakigongana.

Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa. Kwa mtu wa Dodoma hiyo ilikuwa habari ya redioni. Kwa mtu wa Moshi na Arusha ilikuwa mlango wa dukani, kwa sababu Holili, Tarakea na Namanga ndiko bidhaa zilikopita. Mwaka huo huo mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ukaanza kutekelezwa, na watoto wengi waliokuwa nyumbani wakaingia darasani. Kila mmoja alihitaji shati.

Kisha vita. Malori na mabasi ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari na vifaa, fedha za kigeni zikaenda kwenye silaha na mafuta, na bei ya mafuta duniani nayo ikapanda mwaka huo huo wa 1979. Kiwanda kinaweza kuwa na pamba tele ghalani, lakini bila vipuri, bila rangi na bila dawa za kupaushia, mashine husimama. Vita vilipokwisha Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipokwisha, mkanda haukulegea.

Kilimanjaro tulikuwa na pigo letu la ziada, na watu huwa wanalisahau. Sare ya mtoto hapa ililipwa na kahawa. Baridi kali iliyoua mibuni Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na 1976 na 1977 wakulima waliona hela. Baadaye bei ikashuka, wakati ule ule bidhaa zinapoadimika. Vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, ikiwemo KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, na haikurudi hadi 1984. Kwa hiyo bidhaa zilipita kwenye kampuni za biashara za mikoa, zile RTC, kisha maduka ya kijiji na kadi za kaya. Watu walipanga foleni alfajiri, wengine wakaacha jiwe lishike nafasi yao. Waliokuwa na ujasiri wakavuka Taveta usiku kwa magendo.

Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, ikiongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, na watu wakatupa bidhaa porini na mitoni kwa hofu ya kukutwa nazo. Fikiria majora ya kitambaa yakioza kwenye mfereji huku watoto wakienda shule na kaptura inayoonyesha makalio. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, na kuanzia 1984 serikali ilipolegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje, nguo zikaanza kurudi sokoni, mitumba ikiwemo.

Beji zenyewe zilipatikana wapi wakati kitambaa hakuna?

Hapa ndipo kazi yangu inaponisaidia, kwa hiyo nivumilie.

Beji iliyofumwa kwa mashine, yenye herufi nyembamba zilizonyooka na pindo lililokunjwa vizuri, kwa kawaida iliagizwa. Shule iliagiza nyingi kwa pamoja na kuwauzia wanafunzi. Uagizaji ulipokwama, shule zilibaki na njia mbili: kutumia tena zilizopo, au kutengeneza.

Kutumia tena ndiko kulikokuwa kwingi zaidi. Geuza beji uangalie ukingoni. Ukiona mstari mmoja wa vitundu vya sindano, ilishonwa mara moja ikakaa. Ukiona mistari miwili au mitatu inayopishana, ilibanduliwa na kushonwa upya, kutoka shati la kaka kwenda la mdogo wake, wakati mwingine hadi kwa binamu. Nyuzi za kushikizia nazo hutofautiana: upande mmoja uzi mweupe wa cherehani, upande mwingine uzi mweusi wa mkono, hatua ndefu, umeshonwa na mtu aliyekuwa na haraka au asiyeona vizuri kwa mwanga wa kibatari. Kuna beji moja niliyoletewa ambayo kona yake imeshikizwa kwa uzi wa sufu wa rangi ya maziwa, uliofumuliwa kwenye sweta. Fundi hafanyi hivyo. Mama anafanya.

Upande wa nyuma pia ndiko rangi ya asili ilikojificha. Mbele bluu imekuwa kijivu. Nyuma, jua halikufika, bado ni bluu ile ya siku ya kwanza. Na kama shati lipo, tazama mfuko: utaona kivuli cheupe zaidi cha umbo la beji mahali ilipokaa.

Za kutengeneza zilidariziwa. Mchoro ulinakiliwa kwa karatasi ya kaboni, au kwa kuweka karatasi nyembamba juu ya beji nzima na kusugua penseli. Kitambaa kilikatwa kwenye pindo la suruali iliyochakaa, na wasichana waliokuwa wakijifunza sayansi kimu wakadarizi kwa mkono. Mlima Kilimanjaro ni mgumu kudarizi kuliko unavyodhani, kwa sababu theluji inataka uzi mweupe mwingi, na uzi mweupe ndio uliohitajika kwa kila kitu kingine. Ndiyo maana kwenye beji nyingine Kibo ina theluji kidogo mno. Nyingine zilichapwa kwa rangi moja kwa moja mfukoni, kupitia karatasi ya eksirei iliyokatwa kwa wembe. Hizo zinatambulika kwa herufi zilizokatika katikati: O yenye madaraja mawili, A isiyofunga.

Watu huniambia za mkono ni "feki". Naona kinyume chake. Beji ya kiwandani inakueleza shule ilitaka kuonekana vipi. Ya mkono inakueleza nani alikaa chini akaitengeneza.

Nitajuaje umri wa beji?

Anza na maandishi. Jina Tanzania lilianza kutumika rasmi mwishoni mwa Oktoba 1964. Beji yenye Tanganyika imechorwa kabla ya hapo. "Mkoa wa Manyara" ni baada ya 2002, kwa kuwa kabla ya hapo Babati, Hanang na Mbulu zilikuwa Mkoa wa Arusha. Nembo ya TANU kwenye skafu ni kabla ya tarehe 5 Februari 1977, siku CCM ilipozaliwa.

Kisha alama. Shule nyingi za mlimani zilikuwa za misheni. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 serikali ilizichukua, na kwenye beji baadhi ya misalaba ikapotea, yakaingia majembe, vitabu, mienge na matawi ya kahawa. Kaulimbiu za Kiswahili na picha za kazi za mikono zina harufu ya Elimu ya Kujitegemea, sera ya Machi 1967.

Lakini hapa kuna mtego, na hata watu makini hunasa. Umri wa beji na umri wa kuvaliwa kwake ni vitu viwili. Kwa sababu ya uhaba, beji iliyochorwa 1968 inaweza kuwa ilivaliwa kwa mara ya mwisho 1984. Shule zilikuwa na mabaki kabatini, na familia zilikuwa na sanduku. Kwa hiyo kwenye karatasi yako andika mistari miwili: "mchoro wa miaka ya..." na "ilivaliwa na fulani, darasa la fulani". Usilazimishe ifanane.

Usichome uzi kwa kiberiti ili kujua kama ni pamba au nailoni. Nimeona waliofanya hivyo. Tumia lenzi: pamba kwa kawaida haina mng'ao na ina vinyweleo, nailoni inang'aa.

Pini ya chuma ya kiranja au dada mkuu nayo?

Ifute kwa kitambaa kikavu, basi. Braso, ile dawa ya kung'arishia chuma, itaondoa rangi na maandishi pamoja. Usiihifadhi ikigusa kitambaa.

Katambuga za babu ni kumbukumbu ya shule?

Kama alizivaa kwenda shule, ndiyo. Viatu vya matairi viliwabeba wanafunzi wengi miaka hiyo. Kagua misumari chini, toa yenye kutu inayochoma, na usizipake mafuta. Tairi la zamani hukakamaa na kupasuka likikaa juani, kwa hiyo lihifadhi kivulini.

Nimeambiwa kuna beji za Wapolandi Tengeru. Ni kweli, na zinahusiana vipi na sisi?

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia 1942, wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliwekwa kwenye kambi ya Tengeru karibu na Ziwa Duluti. Walikuwa wamepelekwa Siberia na Wasovieti, wakatoka kupitia Uajemi hadi Afrika Mashariki. Walikuwa na shule zao, kanisa lao, karakana na vikundi vya skauti. Makaburi yao yapo mpaka leo na yanatunzwa, na unaweza kwenda kuyaona.

Kwa hiyo ukikuta beji ya nguo yenye tai mweupe mwenye taji, hasa kwa familia za Tengeru, Usa River au Patandi, usidhani ni ya shule ya Kijerumani. Tai mweupe ni nembo ya Poland. Walioishi jirani na kambi waliuziana na kupeana vitu, na mtoto wa kambini aliyekuwa akiondoka mwisho wa miaka ya 1940 angeweza kabisa kuacha beji yake kwa rafiki. Lakini "angeweza" si "aliacha". Andika tu kile familia inachokumbuka.

Vita hivyo vilileta uhaba wa nguo hapa pia, kwa kuwa vitambaa vingi vilitoka ng'ambo kwa meli, na meli zilikuwa vitani.

Uingereza walikuwa na kuponi za nguo. Sisi je, tulikuwa nazo wakati wa Kagera?

Kule mgao wa nguo ulianza tarehe 1 Juni 1941 na kuisha Machi 1949. Mtu mzima alianza na kuponi 66 kwa mwaka, na watoto wanaokua waliongezewa. Mfumo ulikuwa wa nchi nzima, kila vazi na idadi yake ya kuponi. Kadi zetu za kaya zilikuwa za duka la mahali: sukari, sabuni, unga, na kitambaa kikifika. Neno la kushika ni "kikifika". Kama una kadi ya duka yenye alama za kalamu, ihifadhi pamoja na beji. Ni nadra kuliko beji, maana ilikuwa karatasi na iliishia jikoni kuwashia moto.

Kwenye sanduku hilo hilo kuna kofia na koti la jeshi la mjomba aliyepigana Kagera. Niyaweke pamoja?

Hapana, na hili si suala la uhifadhi. Raia haruhusiwi kuvaa wala kuwa na sare za JWTZ bila ruhusa. Agosti 2023 jeshi lilitoa siku saba kwa wenye mavazi hayo kuyasalimisha. Zungumza na serikali ya mtaa au kituo cha polisi, ueleze mali ni ya nani na imepatikanaje. Picha ya mjomba akiwa amevaa, barua zake na simulizi yake vibaki kwenu.

Ukikuta risasi au kitu chochote kinachofanana na bomu, usikiguse wala usikihamishe. Toa watoto, ita polisi.

Nihifadhi vipi kwa hali ya hewa ya huku?

Adui wa Moshi ni unyevu wa masika, Machi hadi Mei. Adui wa pili ni mende. Arusha ongeza vumbi la kiangazi.

Funga beji kwenye kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila wanga, kisha weka kwenye boksi la karatasi ngumu lisilo na wino mwingi. Mfuko wa nailoni hufungia jasho la hewa ndani, na ukifungua baada ya mvua unakuta ukungu. Boksi likae kabatini katikati ya chumba, si ukutani na si chini ya kitanda. Ukiona nondo au vibuu, ifunge beji vizuri kwenye mfuko usiopitisha hewa, iweke kwenye friza kali wiki mbili, halafu iache irudi kwenye joto la kawaida ikiwa bado imefungwa. Hapo tu ndipo nailoni inaruhusiwa. Dawa ya nondo ya vidonge ina sumu, usiichanganye na vitu ambavyo watoto watashika.

Kwenye fremu? Sawa, kama haitazami dirisha. Ishikize kwa nyuzi chache kwenye kitambaa cha nyuma. Gundi ya aina yoyote ni marufuku kwangu.

Maelezo yaandike kwa penseli kwenye karatasi tofauti. Wino wa kalamu husambaa.

Ndugu wanagombania beji ya mama. Tuikate?

Kuna familia iliyokata. Msifanye hivyo. Mmoja atunze beji, mwingine shati, mwingine ripoti, na wote wawe na picha za vyote.

Inauzwa shilingi ngapi?

Sinunui na siuzi. Anayekupa bei kubwa ya beji moja bila kuuliza ilikuwa ya nani, achana naye.

Shule yetu ya zamani au makumbusho watapokea?

Shule kwanza, ikiwa bado ipo na ina mahali pa kuweka kitu zaidi ya ofisi ya mwalimu mkuu, ambaye huhamishwa. Dai barua ya kupokea, yenye sahihi na muhuri. Arusha kuna Makumbusho ya Azimio la Arusha pale Kaloleni. Peleka picha na maelezo kwanza, kitu chenyewe baadaye wakikitaka. Makumbusho yoyote yatauliza habari kabla ya kuuliza beji, na wengi wanaokataliwa hukataliwa kwa sababu hawana jina wala darasa la mvaaji.

Mama yangu bado yupo. Nimuulize nini?

Mpe beji mikononi kwanza, maswali baadaye. Muulize nani aliishona, na kwa uzi gani. Nani aliivaa kabla yake na nani baada yake. Sabuni ilipokosekana walifulia nini: majivu, magadi au majani ya mpapai? Siku ya ukaguzi mwanafunzi asiye na beji alifanywa nini? Hilo la mwisho hutoa mengi, na si yote ya kuchekesha, kwa hiyo usimkatishe. Shangazi au mama mdogo akiwepo waache wabishane. Ukweli wa nani alimpa nani beji hutoka kwenye ubishi huo. Akichanganya Kichagga, Kimeru au Kimaasai na Kiswahili, andika kama alivyosema, tafsiri iwe chini yake.